Nusu Tatu za Mfaranyaki

Consolata hana mizunguko kwenye simu. Siku ile hakuuliza habari za magoti yangu wala za mvua za huku kwetu. Alisema tu, "Ticha, Dada Zuhura ametutoka leo alfajiri," nami nikasikia nyuma yake viti vikiburutwa na mtu akiuliza turubai liko wapi. Nilijua sitawahi maziko. Waislamu hawamlazi maiti wao akimsubiri mtu wa mbali, na mimi niko mbali kweli, kutoka Same hadi Songea ni kuikata nchi kutoka pembe moja hadi nyingine. Basi nikaenda kwenye arobaini. Kijana wa bodaboda aliyenipeleka Matogoro akaniuliza, "Mama, msiba wa nani?" nikamjibu wa dada yangu. Sikumweleza kwamba dada mwenyewe ni Myao wa Tunduru na mimi ni Mpare, wala kwamba undugu wetu ulianza kwenye jiko la kupanga. Barabara ilikuwa mbaya na nilihitaji mikono yote miwili kujishikilia.

Nimefundisha fizikia mpaka nimestaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kwenye swali moja ambalo watu wakilisikia hutikisa kichwa kwa heshima kisha wakabadili mazungumzo: zile sumaku ndogondogo zilizomo ndani ya atomu hujipangaje, pale atomu zenyewe zinapokaa kwenye pembe za pembetatu? Siku waliponiaga chuoni, msemaji alitaja maabara za ng'ambo nilizopitia, akasifu mashine kubwa nilizozigusa, akakosea jina la mji mmoja. Hakutaja Songea. Sikumlaumu, kwa sababu hata mimi sikuwahi kuandika kwenye wasifu wangu kwamba jibu la swali lile nililiamini kwanza jikoni Mfaranyaki, mtaa wa huko Songea, mwaka nilipokuwa mwalimu mpya wa sekondari, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ndiyo miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia tu, na wakati huohuo ofisi zikaanza kupunguza watu. Mtu aliweza kununua redio mpya ya kaseti mwezi huu na mwezi ujao akakosa kazi ya kumpatia betri. Ulikuwa mwaka mmoja tu, na nimeishi mahali pengi kwa muda mrefu zaidi, lakini nikiota niko nyumbani, huwa naota nyumba ile.

Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu vya kulala, sebule inayotazama barabara na jiko la uani lenye mafiga matatu makubwa, meusi ti kwa masizi. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, kitanda cha kamba, meza niliyoazima shuleni, dirisha linaloona migomba ya jirani. Zuhura alikuwa wa kwanza kuingia pale. Alikuwa mkunga hospitalini, mtu mzima kutuzidi, mwenye mikono minene na sauti ya chini ambayo haikuhitaji kupanda ili isikike. Consolata alimfuata, msichana wa Mpitimbi, Mngoni, karani wa ghala kwenye chama cha ushirika, anayecheka kwanza na kufikiri baadaye. Mimi nikaja wa mwisho na sanduku la vitabu. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya kenchi za paa na juu yake sauti zilipita zitakavyo, kwa hiyo kila mmoja wetu alijua wenzake wanakohoaje, wanasali nini na wanamsema nani.

Ijumaa ilikuwa ya Zuhura, Jumamosi yangu, Jumapili ya Consolata. Mimi ni Msabato: chai ya majani sinywi, nguruwe sili, samaki asiye na magamba sili, na Jumamosi sipiki wala sifui. Tulipochanga chakula wiki ya kwanza nilidhani mambo yatakuwa mepesi, watu watatu wastaarabu wenye kazi zao. Kumbe kila tulilokubaliana wawili lilimwacha wa tatu nje. Zuhura na Consolata wakipika kambale, nyumba nzima ilinukia samaki hao wasio na magamba, na mimi nikala ugali kwa maharage ya jana huku nimenuna. Ndugu wa Consolata wakileta mguu wa nguruwe kutoka kijijini, mimi na Zuhura tulikuwa kitu kimoja mlangoni, na Consolata akaubeba mguu wake kwenda kuula kwa jirani. Zuhura akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku akitaka kulala, mimi na Consolata ndiyo kwanza tunaimba, yeye nyimbo za kwaya yake, mimi nikimpa sauti ya pili, kwa sababu katika kuimba tuliafikiana kuliko jambo lolote. Zuhura alikuwa akifungua mlango, anatutazama na kanga yake ya kulalia, anasema, "Mnaimba vizuri. Nendeni mkaimbie barabarani."

Juu ya kuta zile nilisikia mengi. Siku moja nilikuwa nimejilaza na homa, wao wakidhani niko shuleni, Consolata akasema, "Dada, huyu Mpare tumhamishe kabla hajatufungulia kesi ya kambale. Hawa watu kwa kesi, wanauza ng'ombe wapate haki ya kuku." Nilibana kicheko kwenye shuka, maana kwetu ni kweli. Zuhura akamjibu, "Mwache mtoto wa watu. Wewe ulipokuja, wiki ya kwanza nilitafuta chumba kingine." Lakini haukupita muda Zuhura naye akaja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuninong'oneza kwamba Consolata ndiye asiye na adabu ya kuishi na watu, na kama tungebaki mimi na yeye tungetulia. Nami, nikiwa sokoni na Consolata, tulikubaliana kwa moyo wote kwamba tatizo la nyumba ni Zuhura na usingizi wake. Tulikuwa tunabadilishana tu nani awe mbaya.

Swali la pembetatu nilikuwa nimelibeba kutoka chuo kikuu. Mwalimu wangu alituambia kwamba zipo sumaku za aina nyingine, tofauti na hizi za kuvuta misumari: ndani yake kila atomu inataka kumpinga jirani, jirani akielekea juu yeye aelekee chini. Zikipangwa kwa mraba hakuna shida, juu, chini, juu, chini, kama vigae vya sakafu. Kisha akachora pembetatu ubaoni, akaweka juu kwenye pembe moja, chini kwenye ya pili, akasimama mbele ya pembe ya tatu na chaki mkononi. "Na hii?" Kengele ikalia akaondoka. Alikuwa amesema nikitaka kurudi kusoma zaidi, nirudi na jibu ninaloweza kumweleza mtu ambaye hajasoma fizikia. Shuleni kwetu Songea maabara ilikuwa na kabati moja na ufunguo uliopotea. Nikaenda sokoni kwa fundi redio, ambaye siku hizo alikuwa na lundo la spika zilizokufa kutoka kwenye zile redio mpya za bei rahisi, nikamwomba sumaku zake. Sumaku ya spika ni duara lenye tundu katikati. Nilipigilia vijiti vitatu kwenye ubao, kwa pembetatu, nikavalisha kila kijiti sumaku yake, kiasi kwamba haziwezi kukimbiana lakini unaweza kuzigeuza juu chini.

Nilizijaribu kwenye meza ya sebuleni, na wenzangu wakaja kutazama kwa kuwa umeme wa jenereta ulikuwa umekatika na hakukuwa na redio. Mbili za kwanza, moja uso juu na nyingine uso chini, zilikaa zimetulia. Nikaweka ya tatu. Ikainuka upande, ikitetemeka kwenye kijiti kama sufuria isiyokaa sawa jikoni, ikisukumana na mwenzake mmoja. Nikaigeuza. Ikatulia na yule, ikaanza kusukumana na mwingine. Consolata akatoa hukumu palepale: "Hii mbovu." Akaichukua kesho yake mpaka kwa fundi, akairudisha kwa maneno makali, akapewa nyingine. Ile nyingine nayo ikafanya vilevile. Akaenda tena. Fundi, masikini, aliapa kwa mama yake kwamba sumaku haziozi. Zuhura akashauri tutoe moja ya zile mbili za zamani, labda ndiyo mchokozi, na kweli tukaitoa, zilizobaki zikatulia, wote tukashangilia, kisha tukarudisha ya tatu na ugomvi ukaanza upya mahali pengine. Ilichukua muda mrefu wa kubadilisha na kugeuza, na lundo la sumaku mezani, kabla Zuhura hajasema kwa sauti yake ya chini, "Jamani, hakuna mbovu hapa. Ni kule kukaa tatu."

Nilimjibu kwamba ndivyo, amepatia, na nikaenda kulala nikiwa na furaha ya mwalimu. Sasa nikikumbuka nashangaa kwamba watu watatu tulikaa kwenye meza ile, tukaona jambo lile kwa macho yetu, na hakuna aliyejitazama. Wiki zile nilikuwa nikitafuta jibu la pembe ya tatu usiku na mchana, nikijaza karatasi kwa hesabu, na kwenye chakula cha jioni tuliendelea kugombana kama kawaida.

Halafu chama cha ushirika kikapunguza watu. Consolata alirudi nyumbani saa za mchana, ameshika kikombe chake cha ofisini na kile kimto alichokuwa akikalia kwenye kiti cha ghala. Alivitua mezani, akacheka, akasema, "Nimestaafu mapema kuliko mwalimu mkuu." Zuhura alichukua kikombe, akakiosha vizuri ndani na nje, akakiweka kabatini pamoja na vyetu, naye Consolata alipoona kikombe kimekaa pale ndipo akalia. Tulimkalia huku na huku kwenye mkeka. Alituambia kitu kimoja tu anachokiogopa: kurudi Mpitimbi. "Nikirudi sitoki tena. Nitaolewa kabla mahindi hayajachanua, na si kwa kumpenda mtu."

Baada ya siku chache alikuwa na mpango. Angeipanga ile sebule inayotazama barabara iwe mgahawa, na angepika kile ambacho mji mzima ulikuwa unakililia, kitimoto. Nyama ya nguruwe ya kwao Mpitimbi, ya kukaanga, na ndizi. Macho yake yalikuwa yanawaka alipotueleza. Zuhura alisikiliza hadi mwisho, akakunja kanga yake magotini. "Fungua, mlongo wangu," alisema, akitumia neno la kwao la ndugu. "Sikuzuii riziki. Mimi nitahama." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotutisha. Zuhura alikuwa ameachika, akahamishwa vituo, akapanga vyumba ambamo mlango wa bafu ulikuwa gunia. Nyumba ile ndiyo aliyoiita kwake. Alishapanda mchaichai uani, kwa ajili yangu, nipate cha kuchemsha wenzangu wanapokunywa chai.

Wote wawili wakanigeukia. Consolata alinifuata nikifua. "Wewe Mkristo mwenzangu. Ukisema sawa, tumekuwa wawili." Zuhura alinikuta nikisahihisha madaftari. "Wewe kile kitu huli. Ukisema hapana, hatafanya, anakuheshimu." Nilikuwa mdogo wao kwa kuishi pale na sasa nilikuwa nimeshika nyumba nzima mkononi. Nikienda upande huu, Zuhura anafunga mizigo. Nikienda ule, Consolata anapanda gari la Mpitimbi. Nikikaa kimya, wote wananihama moyoni, na ni kweli walikuwa wameshaanza kula kila mtu na sahani yake chumbani kwake. Chakula cha peke yangu nilikijaribu kwa siku kadhaa. Sijawahi kula vyakula halali kwa imani yangu vikakosa ladha namna ile. Niliwapenda wale wanawake, na sikuwa nimewahi kuwaambia.

Jumapili moja mchana, Consolata ametoka misa na Zuhura yuko siku ya mapumziko, niliwaita jikoni. Mafiga yalikuwa baridi. Nilitoa chaki mfukoni, maana mwalimu haendi mahali bila chaki, nikachora mshale juu ya figa la kwanza na mwingine juu ya la pili, mmoja ukienda kaskazini na mwingine kusini. Kwenye masizi ilionekana vizuri kuliko ubaoni. "Hizi zile sumaku," Consolata akasema. Nikamwambia ndiyo, lakini sumaku za redio kwenye vijiti zina ulemavu: zinajua juu na chini tu. Katika tatu zipo jozi tatu: jozi ya kwanza inapatana kabisa, ya pili inapatana kabisa, na ya tatu inagombana kabisa. Amani mbili, ukitoa ugomvi mmoja, unabakiwa na amani moja. Huo ndio mwisho wa juu na chini. Atomu nyingine, nikaendelea, haziko hivyo. Zinaweza kuinama pembeni. Nikaifuta mishale kwa kiganja, nikachora upya: kila figa na mshale wake ukielekea upande wake, mitatu ikigawana duara sawasawa, kama mtu anavyokata keki ya watu watatu. "Hapa hakuna anayempinga mwenzake kabisa. Kila wawili wanapata nusu tu ya wanachotaka. Lakini wanapata wawili hawa nusu, na hawa nusu, na hawa nusu. Nusu tatu."

"Moja na nusu," Zuhura akasema.

"Ambayo ni kubwa kuliko moja."

Nilikuwa nimekesha na hesabu hiyo na nilijua ni sahihi, na wakati huo nilijua pia kwamba nimelipata jibu la mwalimu wangu. Lakini sikuwaita jikoni kwa ajili ya mwalimu. Sipendi hata leo kulinganisha watu na atomu, atomu haina mahali pa kurudi wala moyo wa kuumia. Siku ile sikuwa na kitu kingine.

Consolata aliinama akaitazama ile mishale muda mrefu. "Haya, Ticha. Nusu yangu ni ipi?"

"Sijui. Useme wewe ni ipi unayoweza kuikosa."

Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza, na ulikuwa mtamu. Zuhura alisema kitimoto hakiingii kwenye nyumba wala kwenye masufuria yake, hilo haliinami. Consolata akasema basi atakipika kwa shemeji yake, Jumapili tu, kwa vyombo vya hukohuko, na huku nyumbani atauza wali, maharage, kuku na kambale. Zuhura akasema, na nguo ulizopikia? Consolata akasema, Dada, nitaoga huko, nije uchi? Tukacheka kwa mara ya kwanza tangu alipoleta kimto. Lakini kitimoto hakikupotea mjini na Zuhura alijua kinapikwa na mkono utakaomkatia mboga jioni, akainama hapo. Aliinama pia kwenye usingizi wake, maana sebule ikawa ya wateja na yeye akahamia chumba changu cha nyuma penye kimya, mimi nikachukua chake kilichopakana na kelele. Consolata alitaka kufungua siku zote. Akafunga Ijumaa mchana mpaka Zuhura arudi kuswali, na Jumapili mpaka misa iishe. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimezoea Jumamosi yangu iwe kimya kama kanisa, na nilitaka sana kusema siku hiyo pafungwe. Jumamosi ndiyo siku ya soko. Nikasema afungue, mimi sitagusa jiko wala sitapokea mteja, nitaondoka mapema kwenda kanisani na nirudi jua likizama. Nikaruhusu na kambale auzwe kila siku pale sebuleni, ukuta mmoja tu na kitanda changu. Hakuna aliyetoka jikoni amefurahi sana. Kila mmoja alikuwa amenuna kidogo, kwa kipimo karibu sawa, na mimi kwa mara ya kwanza nikaona nyumba imetulia.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima vilikutana. Zuhura alifunga, Consolata naye akafunga kwa namna ya kwao, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nakula mchana. Nilikuwa nikitoka shuleni najibanza nyuma ya jiko, kati ya ukuta na mchaichai, nameza kiporo haraka kama mwizi. Zuhura alinikuta siku moja amekuja kuchukua maji ya udhu. Alisimama na birika. "Unafanya nini hapo?" Nikasema nakula, dada, sikutaka kukutamanisha. Alinishika mkono akanipeleka ndani, akanikalisha kwenye meza ya wateja iliyokuwa tupu, akaniwekea sahani, kijiko na maji ya kunawa. "Mimi sijafunga ili wewe ujifiche. Kula, mdogo wangu. Mtu mzima wa watu unakula na kuku." Alikaa mbele yangu, midomo imemkauka, akinitazama nikila kama anavyowatazama wazazi wodini, mpaka nikamaliza. Jua likizama nilikuwa mimi nimepika futari, uji wa ulezi, magimbi na mihogo ya nazi, na tulikula watatu kwenye sinia moja. Consolata aliruhusiwa na mwezi wa Zuhura kuvunja mfungo wake wa Kwaresima saa ile, ndivyo alivyodai, na hakuna padri aliyeulizwa.

Mgahawa ulishika. Consolata hakurudi Mpitimbi isipokuwa kwa kutembelea, na mume alimpata mwenyewe miaka mingi baadaye, mtu mpole anayekula kila kitu. Mimi niliondoka mwisho wa mwaka kwenda kusoma zaidi, kwa jibu lile la nusu tatu. Zuhura alibaki na chumba cha nyuma. Nilipokuwa ng'ambo nilipata kuliona jambo lenyewe. Kuna madini ambayo atomu zake zimejipanga pembetatu kando ya pembetatu, maelfu kwa maelfu, kila atomu ni pembe ya pembetatu kadhaa kwa pamoja. Yakiwa na joto, mishale inaelekea ovyo. Ukiyapoza mpaka baridi isiyoelezeka, kisha ukarusha ndani yake chembe ndogo na kutazama zinarukia wapi, unapata alama mahali ambapo hazikuwepo, na alama hizo zinakuambia kwamba mpangilio unajirudia kila baada ya atomu tatu. Yaani mishale imeinama, kila mmoja upande wake, pembetatu hadi pembetatu, na hakuna aliyeiamrisha. Alama zilipotokea kwenye skrini, wenzangu walipeana mikono. Mimi nilitoka nje kwenye ubaridi, nikalia kwa kuwakumbuka. Msimamizi wangu aliponifuata kuuliza kuna nini, nilimwambia nina njaa, na ilikuwa kweli pia.

Siku ya arobaini, dua ilipokwisha na wageni wakala wakaaga, tulibaki mimi na Consolata jikoni kwa marehemu, Matogoro, tukiosha masinia. Kichwa chake ni cheupe chote sasa na anapumua kwa sauti. Nje watoto wa jirani walikuwa wakikunja mikeka.

"Ticha," akasema, "yale mafiga yako ya mishale, nilitaka kukuuliza siku nyingi. Ukiondoa moja, yale mawili yanakuwaje?"

Nimeulizwa maswali na wasomi wengi, na hilo hakuna aliyelifikisha kwangu hivyo. Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia kama lilivyo: yakibaki mawili, ugumu wote unakwisha. Moja linatazama juu, lingine chini. Kila moja linapata lote linalolitaka, hakuna tena cha kuinamia.

"Lote?"

"Lote."

"Hakuna mambo ya nusu."

"Hakuna, Conso."

Alisuuza sinia, akaliinamisha maji yachuruzike, akaliegemeza ukutani taratibu. "Yaani kuanzia sasa mimi na wewe tutaelewana tu. Kirahisi."

"Kwa hesabu, ndiyo."

Akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kanga yenye maji ya vyombo. "Sitaki," alisema humo ndani ya kanga. "Sitaki, Nakijwa. Mimi urahisi huo siutaki." Hakuwa ameniita jina langu tangu tulipofahamiana. Nikavuta kigoda kingine nikakaa naye, nikamshika goti, na masinia yaliyobaki tukayaacha yalipokuwa.